Bastola Inayochagua Chakula

(Maneno haya niliyasema Jumamosi moja asubuhi, Kirumba, Mwanza, mbele ya wamiliki wa silaha wenye leseni. Nimeyaandika karibu kama nilivyoyasema. Nimeondoa tu pale nilipokohoa.)

Mwenyekiti wetu, wazee wangu, mama zangu mlioacha vibanda Mwaloni asubuhi hii, na nyinyi vijana wa ulinzi mlioshuka zamu alfajiri na bado hamjalala: mwangaluka!

Asanteni. Naona Wasukuma mko wengi, na wasio Wasukuma mmeshafundishwa.

Mwenyekiti ameniomba niseme juu ya bastola za .22, zile za risasi ndogo nyembamba, kwa nini zinagoma kulia, kwa nini zinanasa ganda, na kwa nini leo inalia vizuri, kesho inakuaibisha. Mimi si mtu wa majukwaa. Nimekaa na silaha zaidi ya miaka thelathini, kwanza ghalani, kisha karakana ya nyuma ya duka, na huko nyuma hakuna wa kumhutubia ila jiliwa na kopo la mafuta. Kwa hiyo mtanivumilia. Nitaanza na kisa, maana kisa nakiweza.

Mwaka juzi, mvua za vuli zimeanza, alikuja mzee mmoja wa Igoma, mwenye mashine ya kukoboa mpunga. Akaweka bastola yake juu ya kaunta ikiwa tupu, slaidi, kile chuma cha juu kinachorudi nyuma na mbele, iko wazi, magazini ya risasi pembeni, mtutu umeelekea ukutani. Nilimpenda hapo hapo. Akasema, "Fundi, hiki kitu kimerogwa." Mafundi wawili walishaishika kabla yangu. Wa kwanza alibadilisha springi. Wa pili alipitisha tupa mahali ambapo tupa haikualikwa. Ikazidi kugoma. Nikamwuliza, "Mzee wangu, unailisha nini?" Akanitazama kama nimemwuliza jambo la chumbani kwake. "Risasi!" Risasi gani? "Za .22, fundi. Kwani ziko za aina ngapi?"

Ziko nyingi, mzee. Wahenga walisema mchagua jembe si mkulima, na kwa jembe ni kweli. Bastola ya .22 inachagua. Inachagua kuliko mgonjwa aliyetoka wodini. Nyingi zilizopita mikononi mwangu zikiitwa mbovu zilikuwa na njaa ya risasi nyingine, au zilikuwa chafu, au vyote viwili.

Mezani hapa kuna trei ya mayai. Msishtuke, haina risasi hai; risasi hai haiji ukumbini. Ni maganda matupu thelathini, kila moja na shimo lake. Niliyaokota uwanja wa shabaha na chini ya meza yangu ya kazi, na kila ganda lina kesi yake. Tutalifikia hilo.

Kwanza tuifahamu risasi yenyewe. Risasi ya bastola kubwa, hii ya 9 mm mnayoiona kwa askari, ina kifungo kidogo katikati ya kitako. Kifungo kile kimetengenezwa peke yake, kina dawa yake ya kuwashia, kikapachikwa. Pini, kile kijiti cha chuma cha kugongea, ikigonga pale, moto. Karakana tuliziita risasi za kitovu. Sasa chukua ya .22 uigeuze. Kitako ni tambarare kama sarafu, kuna alama ya kiwanda basi. Haina kitovu. Dawa imejificha ndani ya ukingo, ule mkunjo mwembamba unaokizunguka kitako. Pini inauponda ukingo, dawa inabanwa katikati ya kuta mbili za ganda, inawaka, nayo inawasha baruti. Hizi tuliziita za ukingo.

Dawa inafikaje kwenye mkunjo ule? Kitako kizima kina upana wa milimita 7 hivi, na ukingo una unene wa milimita 1 na kidogo. Ndani yake unaweza kupitisha uzi. Kiwandani wanatia chembe ya dawa ikiwa bado imeloa, kisha ganda linazungushwa kwa kasi kubwa sana. Mama zangu, nyinyi hamhitaji mhandisi awaeleze. Uji wa mtoto ukiwa wa moto unauzungusha kwenye bakuli, unapanda ukutani. Ndivyo dawa inavyokimbilia ukingoni. Ikizunguka vizuri inajaza mkunjo pande zote. Chembe ikiwa ndogo, au dawa ikiwa nzito, sehemu moja ya ukingo inabaki na pengo. Kisha ganda linakaushwa, linatiwa baruti kama gramu moja ya kumi, linavishwa kichwa cha risasi, linaingia boksini. Kwa nje hutaona lolote. Na pini ya bastola yako inagonga mahali pamoja tu. Ikikuta dawa, mlio. Ikikuta pengo, kimya.

Ni kama kiberiti. Ukinunua boksi pale Makoroboi, ndani utakuta njiti moja mbili zina upara. Hurudi dukani kugombana. Unachukua njiti nyingine. Shida inaanza kwa mtu aliyepanga maisha yake juu ya njiti ya kwanza.

Wala kasoro hii si ya jana. Smith & Wesson wa Marekani walitoa rivolva yao ndogo, bastola ya silinda inayozunguka, ya risasi za ukingo mwaka 1857. Hii tunayoitumia, .22 LR, ilitoka mwaka 1887 kwa J. Stevens, Wamarekani pia. Enzi hizo kulikuwa na risasi kubwa za ukingo, kama za .44, nazo zikafa, kwa sababu ganda ambalo lazima liwe laini ili pini iliponde haliwezi kustahimili baruti kali. Ndogo ikabaki. Ni rahisi, kishindo chake kidogo, na anayejifunza hafumbi macho.

Turudi kwa mzee wa Igoma. Alikuwa na akili kuliko wateja wangu wengi: risasi zilizogoma hakuzitupa. Alizileta kwenye kopo la mafuta ya kujipaka, sita. Nikachukua miwani ya kukuzia. Nne zilikuwa na alama ya pini iliyozama vizuri kwenye ukingo. Mbili zilikuwa na alama hafifu, kama mtu aliyekwaruza kwa ukucha. Nikamwambia, mzee, una kesi mbili ndani ya bastola moja, ndiyo maana mafundi wamekuzungusha.

Hapa naomba mnisikilize kwa makini, maana ndipo penye faida ya asubuhi hii.

Alama iliyozama maana yake bastola imetimiza wajibu. Pini imefika, imeponda, na risasi imekataa. Risasi ya namna hiyo, ukiwa uwanja wa shabaha na taratibu zote zimefuatwa, ukiizungusha kidogo ili pini igonge upande mwingine wa ukingo, mara nyingi inalia. Ikilia, umejua: palikuwa na pengo la dawa. Hakuna fundi duniani atakayekutengenezea pengo hilo kwa kufungua bastola yako. Lawama ni ya boksi.

Alama hafifu ni kesi ya bastola. Inawezekana springi inayoisukuma pini imechoka. Inawezekana ncha ya pini imelika. Ila niliyoikuta mara nyingi kuliko zote ni chemba chafu, yaani kile chumba cha nyuma ya mtutu risasi inamokaa. Kichwa cha risasi hii ni risasi tupu, yaani madini yale laini, na upana wake ni sawa na upana wa ganda, milimita 5.7. Kwa kuwa hakikuzama chote ndani ya ganda, mafuta yake ya kulainisha yamepakwa nje: nta, au grisi. Mnayaona kwenye vidole mkipakia. Nta hiyo inashika vumbi la mfukoni, inachanganyika na masizi na chembe za baruti ambazo hazikuungua, inajijenga mdomoni mwa chemba. Risasi mpya ikiingia haifiki mwisho. Inabakia nje kwa unene wa karatasi. Pini inakuja na nguvu zake zote, na nguvu hizo zinaishia kuisukuma risasi ndani badala ya kuuponda ukingo. Umegonga mlango ambao haujafungwa, unakwenda nao.

Ndiyo maana utamsikia mtu anasema, "Yangu inalia ya pili." Anavuta kifyatuzi, kimya. Anairudisha pini bila kuigeuza risasi, anavuta tena, paa! Huyo usimwambie risasi zake mbaya. Pigo la kwanza liliikalisha risasi, la pili likaiwasha. Mpe brashi akasugue chemba. Tofauti ni hiyo tu: inayolia bila kugeuzwa ilikuwa haijakaa, inayolia kwa kugeuzwa ilikuwa na pengo. Mzee wa Igoma alikuwa na zote mbili, na springi mpya ya fundi wa kwanza haikugusa hata moja.

Vijana wa ulinzi, kuna jambo lenu hapa. Ule mchezo wa usiku wa kuvuta kifyatuzi bastola ikiwa tupu, ka, ka, ka, kuusukuma usingizi. Kwenye bastola ya kitovu pini inapita katikati, hewani. Kwenye ya ukingo, nyingi, pini isipokuta ganda inakwenda kugonga mdomo wa chemba, chuma kwa chuma. Baada ya miezi pale pana kovu, na kovu lina kinundu, na kinundu kinaikwaza risasi isiingie. Zipo zilizotengenezwa na kizuizi ili pini isifike. Kitabu chake kitakwambia. Kama hukijui kitabu chake, kaa na usingizi wako, au weka ganda lililokwisha kutumika na uligeuze kila mara.

Sasa kunasa. Kugoma ni nusu ya malalamiko ninayopokea; kunasa ndiyo nusu ya pili, na huku ndiko uchaguzi wa chakula unakoonekana wazi.

Bastola nyingi za .22 zinazojipakia hazina kufuli la kuifunga slaidi. Kinachoishikilia slaidi mbele ni uzito wake na springi, basi. Risasi ikilia, gesi inasukuma kichwa cha risasi mbele na ganda nyuma, na ganda ndilo linaloirudisha slaidi. Mnaosafiri kwa mashine za mtumbwi mtanielewa haraka: kwenye bastola hii risasi ndiyo petroli, na ganda ndilo pistoni. Mtu akikuuzia petroli iliyochanganywa na mafuta ya taa, mashine ya kuvuka Kamanga itakohoa katikati ya maji, na huilaumu mashine. Bastola tunailaumu.

Risasi ikiwa dhaifu kwa bastola ile, slaidi hairudi mpaka mwisho. Ganda halipati nafasi ya kuruka. Slaidi inarudi mbele na kulibana wima, kama dagaa kwenye jicho la wavu. Au ganda linatoka salama, lakini slaidi haikufika nyuma ya risasi iliyofuata, kwa hiyo inarudi mikono mitupu. Unavuta, pini inagonga chemba tupu, wewe unadhani risasi imegoma. Risasi ikiwa kali kupita kiasi, slaidi inakwenda kwa kishindo, inapiga fremu, yaani kiunzi cha bastola, na inarudi kabla magazini haijainua risasi mpya. Hapo ndipo vyuma vinapopata nyufa mapema.

Kali ni ipi, na dhaifu ni ipi? Ile ya kawaida, ambayo walenga shabaha wanaipenda, ina kichwa cha gramu 2.6 na mwendo wa mita 325 hivi kwa sekunde, chini kidogo ya mwendo wa sauti. Za kasi zinafika 365 mpaka 380. Kisha zipo za kasi kupindukia zenye kichwa chepesi. CCI, kiwanda cha Marekani, walitoa Stinger yao miaka ya 1970, na boksi lake linatangaza mita 500 kwa sekunde. Zote hizo ni .22 LR. Zote zinaingia kwenye chemba ileile ya kawaida. Na namba za kwenye boksi, wazee wangu, zimepimwa kwa mtutu mrefu wa bunduki, sentimita 61. Bastola yako ina mtutu wa sentimita 10 au 12. Usitarajie mwendo ule. Ni sawa na muuza mtumbwi anayekutajia mwendo wa ziwa lililotulia.

Kuna bastola inataka ya kasi, na kuna inayoumizwa nayo. Colt walitoa bastola yao ya kulengea shabaha, iliyokuja kuitwa Woodsman, mwaka 1915, ikatengenezewa risasi za kawaida. Za kasi zilipoingia sokoni ilibidi sehemu ya nyuma inayopokea kishindo iimarishwe, na hiyo ilikuwa kama mwaka 1932. Kiwanda kizima kililazimika kuifuata risasi! Leo kinyume chake kipo: vibastola vilivyochongwa vifanane na za polisi, vyenye springi ngumu, na kitabu chake kinasema wazi lisha ya kasi. Ukiipa ile tulivu ya walenga shabaha, itanasa kila magazini, nawe utaniletea ukisema imerogwa.

Na wale walenga shabaha wenyewe? Kwenye Olimpiki upo mchezo wa bastola wa mita 25, risasi tano kwa sekunde 8, kisha 6, kisha 4. Bastola ni za .22, na risasi ni ile ya kawaida, tulivu. Mpaka Athens mwaka 2004 walikuwa wakitumia hata fupi kuliko hii, .22 Short. Watu wa kiwango hicho, wenye silaha za bei ambayo mimi na nyinyi tungenunua injini mbili za mtumbwi, kanuni zao zina sehemu nzima ya bastola ikigoma au ikinasa: hitilafu ipi mchezaji anaruhusiwa kurudia mzunguko, ipi hapana. Yaani mwandishi wa kanuni aliketi akijua kabisa kwamba itagoma.

Wanafanya na jingine, ambalo mimi nilipolisikia mara ya kwanza sikuamini. Viwanda kama Eley wa Uingereza na Lapua, ambao risasi zao ndogo hutengenezwa Ujerumani, vina vibanda vya majaribio. Mchezaji anasafiri na silaha yake mpaka pale, inafungwa, inajaribiwa kwa toleo moja baada ya jingine, yaani kundi lililotengenezwa pamoja, la risasi zilezile, jina lilelile, boksi la rangi ileile. Anachukua toleo ambalo silaha yake imelikubali, na ananunua akiba. Kwa maana nyingine, si aina tu. Hata namba ya toleo iliyopigwa muhuri kwenye boksi inabadilisha tabia. Silaha mbili pacha zinaweza kupenda matoleo mawili tofauti.

Sisi Mwanza hatuna kibanda cha Eley. Tunachukua kilichopo kwa muuzaji mwenye kibali, na mara nyingine kilichopo ni boksi la aina moja. Najua. Lakini daftari la shule la kurasa 48 lipo kila duka, na hilo ndilo nililompa mzee wa Igoma. Kila akienda uwanja wa shabaha anaandika: jina la risasi, namba ya toleo, amepiga ngapi, ngapi zimegoma kwa alama iliyozama, ngapi kwa alama hafifu, ngapi zimenasa na zimenasa vipi. Tulijaribu aina tatu. Ya kwanza ndiyo aliyokuja nayo, toleo lake lina mapengo, tukaiacha. Ya pili ilikuwa ya walenga shabaha, ikawaka yote, ikanasa ovyo. Ya tatu ilikuwa ya kasi, kichwa kimepakwa shaba, ikapita boksi zima pasipo kunasa. Springi ya kiwandani ilirudi mahali pake. Bastola haikuwa na ugonjwa.

Nami nisijifanye mtakatifu. Miaka mingi nyuma mteja aliniletea bastola inayonasa, risasi aliyonayo ni hiyo tulivu, na mkoani hapakuwa na nyingine. Nikaona nifupishe njia: nikakata koili mbili za springi. Ikapiga vizuri kama wiki tatu. Kisha akapata boksi la zile za kasi kutoka safari yake, akapiga kwa furaha, na slaidi ikapata ufa kwenye kona. Niliinunua ile slaidi kwa fedha yangu mwenyewe, na ilichukua miezi minane kufika. Tangu siku ile springi naibadilisha kwa springi ya kiwanda chake, sikati.

Magazini nayo isisahauliwe. Risasi hizi zina ukingo uliotokeza, na zikipangwa vibaya ukingo wa juu unakaa nyuma ya ukingo wa chini, zinashikana kama pembe za fahali wawili. Slaidi inasukuma, hazitoki. Wengi tunasababisha wenyewe kwa kuvuta kile kitufe cha pembeni mpaka chini kabisa ili kuzimwaga risasi ndani haraka. Zikipata nafasi zinalala upande. Shusha kitufe kidogo, weka moja, shusha kidogo, weka nyingine. Na tazama midomo ya magazini: ikiangukia sakafu ya saruji mara moja tu, inatosha kupinda.

Mtaniuliza habari za ziwa. Ndiyo, lina mchango. Ganda la risasi ya ukingo halijafungwa kwa ubora wa zile kubwa. Kichwa kimeshikwa kwa mkunjo mwepesi na nta. Risasi zinazokaa wiki nzima ndani ya begi chini ya mtumbwi, au kwenye droo ya chumba kinachovuja masika, msitegemee uaminifu wake. Wengine wanazipaka mafuta ya kupenyeza kutu ili "zisipate unyevu". Jamani! Mafuta yale yanapenya, hiyo ndiyo kazi yake. Yakifika kwenye dawa umeiua wewe mwenyewe. Weka risasi kavu, mahali penye ubaridi, ndani ya boksi lake lenye namba ya toleo, lifungwe kama sheria inavyotaka. Zilizoshika kutu ya kijani, usizisugue ukazirudisha. Zitenge.

Ikigoma ukiwa uwanjani, usiigeuze kuitazama. Hili nalisema taratibu kwa sababu nimeliona. Mtutu ubaki kwenye shabaha, uhesabu sekunde 30, wengine tunakwenda dakika nzima, maana mara mojamoja dawa inawaka kwa kuchelewa. Kisha ndipo utoe magazini, ufungue slaidi. Na ikitoa mlio mdogo, pff, kama kizibo cha soda, acha kabisa. Kichwa cha risasi kinaweza kuwa kimekwama mtutuni, na ukipiga nyingine nyuma yake mtutu unavimba au unapasuka. Fungua, hakikisha chemba ni tupu, tazama mwanga ndani ya mtutu. Zilizogoma kabisa mrudishie muuzaji au kituo cha polisi. Kuna mtu alizitupa kwenye jaa la takataka, wakaja watoto wakachoma jaa. Hawakuumia, namshukuru Mungu.

Walimu wa michezo naona mpo wawili pale nyuma. Zile bastola za kuanzishia mbio zinazotumia baruti tupu za .22, zina ukingo uleule na kugoma kulekule. Msiwafukuze watoto kwa kosa la kuondoka mapema kabla hamjaitazama bastola.

Mama mmoja wa Mwaloni alinishika mkono mlangoni nilipoingia, akaniuliza swali ambalo nadhani wengi wenu mmelileta mfukoni. Yeye anabeba fedha za mauzo jioni, ana leseni, na alichonacho ni kibastola cha .22 chenye kujipakia. Je, kinatosha?

Mama yangu, mimi sikuuzii kitu leo, kwa hiyo nitakujibu bila hesabu ya duka. Risasi hii, ile ya kawaida, hata ikitoka kwenye bunduki ndefu ina nguvu ya juli 140 hivi, na kwenye kibastola chako ni pungufu. Ya 9 mm iko karibu na juli 500. Hiyo ni sababu ya kwanza, ila si kubwa. Kubwa ni njiti ya kiberiti. Nimewaeleza asubuhi nzima kwamba risasi ya ukingo ina haki yake ya kukataa, na bastola ya kujipakia ikikataliwa mara moja inasimama mpaka mikono miwili iishughulikie. Kwa kujifunza, kwa shabaha, kwa kuzoesha mkono usiogope, sijui kitu bora kuliko .22. Kwa kazi ya jioni uliyoniambia, mimi nisingeichagua. Kama huna jinsi, rivolva ya .22 ina nafuu moja: ikigoma unavuta tena, na silinda inaleta risasi nyingine. Kifyatuzi chake kitakuwa kizito, kwa sababu ukingo unahitaji pigo la kutosha, kwa hiyo kijaribu kwanza kwa kidole chako mwenyewe, si cha mumeo. Na kabla ya yote hayo, mama, fedha zile zipelekwe mchana. Wakala wa fedha yuko hatua ishirini kutoka kibanda chako.

Haya, trei. Njooni kwa mistari, wazee kwanza, miwani ya kukuzia ni moja tu. Mstari wa kwanza ni alama nzuri, mzitazame ili macho yajue uzima. Wa pili ni zilizoanza na alama hafifu, zote zililia kwa pigo la pili mahali palepale, na kila moja ilitoka kwenye chemba iliyojaa nta. Mstari wa tatu kila ganda lina alama mbili, upande huu na upande wa pili. Shimo la tatu kutoka kushoto ni la mzee wa Igoma. Yupo pale amekaa, shati la bluu, na daftari analo.